Mbona tairi la boda laisha upesi kuliko la gari?

SWALI: Salaam alaikum fundi. Mimi ni mwendeshaji boda hapa Kongowea, na nyumbani Mtwapa nina gari dogo la familia. Tairi la nyuma la pikipiki nanunua shilingi 2,800 na halimalizi miezi sita. La mbele, la 2,300, hufika miezi tisa. Natembea kama kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ya gari nilinunua 6,500 kila moja, nikaambiwa yatakwenda kilomita 40,000. Gari lenyewe kwa mwaka halipiti kilomita 4,000. Je, nauziwa tairi mbovu za pikipiki?

JIBU: Waalaikum salaam, kaka. Hujauziwa mbovu. Ila tairi halihesabiwi kwa miezi, huhesabiwa kwa mwendo. Kwa kazi yako, la nyuma limekwenda karibu kilomita 14,000, na la mbele karibu 23,000. Kwa tairi la boda linalobeba watu siku nzima, hayo si mabaya hata kidogo.

Sasa tugawanye. La nyuma linakugharimu senti 20 kwa kila kilomita, la mbele senti 10: jumla senti 30. Matairi manne ya gari ni shilingi 26,000. Yakifika hizo kilomita 40,000, ni senti 65. Kwa hivyo chombo kwa chombo, boda ni rahisi. Lakini ukilinganisha tairi kwa tairi, la gari ni senti 16 na kidogo. La nyuma la boda, unaloliona la bei ya chini, ndilo ghali zaidi barabarani.

Sababu iko kwenye umbo na kazi. Uso wa tairi la pikipiki umebinuka kama mgongo ili uweze kulala kwenye kona, kwa hivyo ukienda moja kwa moja ni ukanda mwembamba tu wa katikati unaogusa lami. Ndiyo maana likizeeka huwa bapa katikati huku meno ya pembeni bado yapo. Kwa tairi la nyuma, nguvu yote ya injini inapita hapo, na abiria (wawili, tusidanganyane) amekaa karibu juu yake. Gari hugawa uzito kwa matairi manne mapana, tena unaweza kuyahamisha mbele na nyuma kila kilomita 10,000 yaishe sawasawa. Pikipiki huna pa kuhamishia.

Kwako wewe pa kuokoa pesa ni upepo. Wengi hujaza mchana wakitoka kazini, tairi likiwa moto, na kipimo husoma juu kuliko hali halisi. Pima asubuhi kabla hujatoka, ufuate namba za kitabu cha pikipiki; zile za kubeba abiria huwa juu kuliko za kwenda peke yako. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata joto na hulika mabegani, yaani kingo za pembeni. Na ukifunga tairi jipya, funga na tubu mpya. Ya zamani imeshatanuka, hujikunja ndani, kisha unalipa pancha kila wiki ukilaumu misumari ya Kongowea. Rimu za chuma nazo zikipata kutu ya chumvi hii ya pwani, mwambie fundi azisugue kabla hajafunga, maana kutu hula tubu.

Kuna tairi gumu litakaloongeza kilomita. Nyuma, sawa, jaribu. Mbele sikushauri: mpira mgumu huteleza kwenye lami iliyoloa, na masika ya Mombasa unayajua.

Gari lako lina shida nyingine kabisa. Kwa kilomita 4,000 kwa mwaka, utahitaji miaka kumi kuyamaliza meno, na mpira hauningojei mimi wala wewe. Jua na joto huukausha. Ukiyabadilisha baada ya miaka sita, yatakuwa yamekwenda kilomita 24,000, na gharama itapanda hadi shilingi moja na senti nane kwa kilomita. Liegeshe kivulini. Ukinunua tena, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani huku limekaa stoo miaka, kwa hivyo soma tarakimu hizo kabla hujatoa pesa. Na ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, usihesabu meno tena, litoe.