Nafsi ya Kwanza, Umoja

Wiki hii mmetuuliza: kati ya magemu yenye matoleo mengi, ni lipi lenye mazungumzo yaliyoandikwa vizuri kuliko yote, na je, ubora huo ulidumu hadi toleo la mwisho? Jibu langu ni Mass Effect, mfululizo wa hadithi za anga za juu kutoka kampuni ya BioWare, na ubora huo haukudumu. Naomba nieleze nilivyojua, kwa sababu sikujua kwa kucheza. Nilijua kwa kutafsiri.

Mwaka 2011 mjomba alituletea PS3 iliyotumika kutoka Dubai, ikawekwa sebuleni kwetu Temeke. Wadogo zangu wawili wakapokezana pedi. Mimi nilikuwa kidato cha tano, Kiingereza kimenikaa, basi nikawa nafanya kazi ile ile ya watafsiri wa filamu wa vibanda umiza: sikio kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili, papo hapo, na kila mhusika na sauti yake. Watoto wa jirani walijaa hadi mlangoni. "Dada, kasemaje? Dada, kasemaje?" Tulianza na gemu la pili, maana la kwanza, lile la 2007, lilikuwa bado halijafika kwenye PS3.

Mtu anayetafsiri kwa mdomo hukamata haraka mahali mwandishi alipofanya kazi na mahali alipopumzika. Maneno yasiyo na mwenyewe hutoka mdomoni bila shida, na hakuna anayeuliza nani kasema. Yakiwa na mwenyewe, unalazimika kubadilisha mdomo. Elcor, wale viumbe wakubwa wa miguu minne, hutangaza hisia zao kabla ya kusema, kwa kuwa sauti yao haipandi wala kushuka. Mara moja nilisema "Kwa masikitiko makubwa: duka limefungwa," na mwezi mzima mtaani kwetu watoto waliongea hivyo.

Aliyenitoa jasho hasa ni Mordin Solus, daktari wa kisalariani, jamii nyingine ya viumbe. Kwa Kiingereza anakata maneno: anatupa "mimi", anatupa viunganishi, anakimbilia jambo lenyewe. Sasa Kiswahili chetu kitenzi kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha nafsi. Ukisema "nimepima" umeshamtaja mtendaji, huna pa kukata. Nikaamua kumnyang'anya vitenzi: "Vipimo tayari. Matokeo mabaya. Chai baadaye." Wakamtambua hata wakiwa wamegeuka.

Na ule ukataji haukuwa pambo. Mordin alikuwa kwenye kikosi kilichoboresha jenofeji, ugonjwa uliotengenezwa ili wakrogani, jamii ya viumbe wapiganaji, wasizaane kwa wingi. Katika gemu la pili anautetea kwa hesabu, sentensi baada ya sentensi, na ni nadra kusikia "mimi" ndani yake. Anasimama mbele ya maiti ya mwanamke wa kikrogani bado anajadili takwimu. Halafu likaja gemu la tatu, Machi 2012. Anataka kupanda mnara wa Tuchanka, sayari ya wakrogani, kusambaza tiba ya jenofeji, na mchezaji akijaribu kumzuia, anapiga kelele: "Nilikosea!" Sentensi kamili, mtendaji yumo. Nilipoitafsiri sebule nzima ilinyamaza. Ilichukua magemu mawili kulijenga neno hilo moja, na mwandishi aliyekuwa na subira ya kiasi hicho namvulia kofia.

Nirudi kidogo kwenye gurudumu la majibu. Mchezaji anaoneshwa maneno machache, anachagua, kisha Kamanda Shepard, mhusika anayemwongoza, anasema sentensi ndefu zaidi ambayo hukuiona. Wadogo zangu walichagua kwa tafsiri yangu. Mara kadhaa walichagua jibu la upole, Shepard akatoa la ukali, nikalaumiwa mimi: "Dada, umetudanganya!" Sikuwadanganya. Huo ni udhaifu wa uandishi tangu mwanzo, na haukuisha.

Gemu la kwanza tulilicheza mwisho, 2013. Lina maelezo mengi mno. Unauliza swali moja, mtu anakusomea historia ya kabila lake kama mwalimu wa zamu. Nilichoka kutafsiri. Lakini humo ndimo kuna Wrex, mkrogani wa kikosi cha Shepard, pale ufukweni kwenye sayari ya Virmire, ameelekeza bunduki, akitaka kujua kwa nini aangamize tiba ya watu wake. Kila neno la Shepard hapo lina uzito wa roho ya mtu, na linaweza kumuua.

Wengi husema uandishi ulishuka kwa sababu ya mabadiliko ya uongozi: Drew Karpyshyn aliongoza waandishi wa gemu la kwanza, la pili akaliongoza pamoja na Mac Walters, la tatu likabaki kwa Walters. Siafiki. Tuchanka na sayari ya Rannoch, ambako naona uandishi wa mfululizo mzima ulifika kileleni, ziko kwenye la tatu. Kilichoharibika humo ni kingine. Shepard alianza kujisemea mwenyewe bila kutuuliza, na machaguo mengi yakabaki mawili. Kisha mwishoni kabisa anatokea kiumbe mwenye umbo la mtoto anayeeleza kila kitu. Anaeleza! Baada ya saa zaidi ya mia za watu waliosema kwa namna zao, tukapewa sauti isiyo na mwenyewe. Juni 2012 BioWare walitoa nyongeza ya bure ya kurefusha mwisho huo, na kwa sehemu kubwa walichoongeza ni maelezo.

Andromeda, la 2017, naligusa tu. Wadogo zangu walikuwa wamekua, hawakunihitaji tena, lakini nilikaa nikatafsiri kwa mazoea. Mzee Drack, mkrogani, alinipa kazi. Wengine karibu wote waliongea kama vijana wa ofisi moja, na nilitafsiri huku nakatakata vitunguu.

Nimemweka Legion mwisho kwa sababu ndiye nimeishi naye muda mrefu zaidi. Ni roboti la kigethi, yaani la jamii ya mashine zenye akili, ndani yake programu 1,183, na jina lake limechukuliwa kwenye Injili ya Marko, kwa yule mwenye pepo wengi. Hivyo daima ni "sisi". Hapo Kiswahili kilinipendelea: tumeona, tumechunguza, hatuna jibu. Wagethi waliwahi kuwauliza waliowaunda swali moja, na swali hilo ndilo lililoanzisha vita: je, kifaa hiki kina roho? Ndivyo nilivyotafsiri, "roho". Kule Rannoch, muda mfupi kabla ya kujitoa ili gethi wote wawe huru, Legion anabadilika: "Lazima niende kwao." Ni-. Mdogo wangu wa mwisho, miaka kumi na moja, aligeuka akaniuliza, "Dada, umekosea au yeye ndiye kasema hivyo?" Nikamwambia kasema yeye.

Mwaka 2021 yalitoka upya yote matatu kwa pamoja, tukayacheza tena, sasa watu wazima. Tulipofika kwenye swali lile nilisita. Katikati ya miaka hiyo nimefundisha Kiswahili sekondari, nimeandika ubaoni mara nyingi sana: nafsi ya kwanza umoja, ni-; nafsi ya kwanza wingi, tu-. Nikalitafsiri upya, kwa sauti, ingawa hakuna aliyehitaji tafsiri. Je, kifaa hiki kina nafsi?