Kabla hujaniuliza tableti gani, nichoree mtoto mmoja mara 24

Vyuo vikikaribia kufunguliwa huwa napata meseji ile ile, kinachobadilika ni jina la mtumaji tu: dada, nimepata nafasi chuo cha sanaa, nataka kufanya uchoraji wa vitabu, ninunue tableti gani ya kuchorea? Na jibu langu ni lile lile, mpaka wengine washaacha kunisalimia. Usinunue kitu. Chukua penseli unichoree mtoto mmoja, msichana wa miaka saba, ameamka, anapiga mswaki, anakimbia, analia, anaonekana kwa mgongo akiwa mbali, mara 24, na mara zote hizo 24 mamangu aweze kusema eeh, ni yule yule. Ukifika hapo ndio tuongee mambo ya tableti.

Mimi nilitoka Kisauni kwenda Nairobi na begi moja na faili la michoro lililofungwa kamba, mamangu kanisindikiza mpaka Mwembe Tayari, basi linanguruma na yeye bado anauliza, sasa hiyo kuchora mwanangu, watu wanalipwa? Nikamwambia wanalipwa. Sikuwa na hata mtu mmoja wa kumtolea mfano.

Chuo sitakitaja, na kusema kweli sina ugomvi nacho mkubwa. Diploma miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni birika, chupa na kitambaa juu ya meza, unachora kwa mkaa mpaka ukila chapati inakuwa na alama za vidole. Mwaka wa pili tukagawanywa, wengine uchongaji, wengine rangi, wengine mambo ya matangazo, sisi tisa tukaingia uchoraji wa vitabu na magazeti. Tableti ilikuwa moja ya rafiki yetu, tunaitumia wanne kwa zamu, yangu ilikuwa saa nne usiku mpaka saa sita, na nikichelewa kuirudisha naona mtu kasimama mlangoni na blanketi. Alafu kuna kriti. Ijumaa mnabandika kazi zote ukutani, lekchara anapita mikono nyuma, anasimama mbele ya yako, ananyamaza, alafu anauliza "hii inasema nini?" na wewe unasahau hata jina lako.

Kriti ilinisaidia sana, nisidanganye. Mtu akinikosoa sai silii, naandika. Lakini angalia hesabu yake: kila projekti ni picha moja, wiki nne. Picha moja! Unaipaka, unaifuta, unaipaka tena. Nikamaliza miaka mitatu na potifolio ya picha 12 nzuri sana, wallahi nzuri, watu 12 tofauti, na sikuwahi hata siku moja kulazimika kumchora mtu yule yule mara ya pili. Hakuna aliyeliona hilo kama shida. Mimi ndio kabisa.

Nikahitimu, maonyesho ya mwisho wa mwaka yakaisha, wageni wakanywa juisi wakaenda zao, nikarudi Mombasa. Huu mwaka wa baada ya chuo ndio hakuna anayekwambia. Unaamka saa tatu, unatuma potifolio kwa emaili kumi, hakuna anayejibu, mamangu anapita na sufuria hasemi kitu lakini sufuria inasema. Basi shangazi akanipatia kazi ya kuchora ukuta wa nasari Bamburi. Ndugu zangu wasomi, msidharau ukuta wa nasari, hiyo ndio kazi ya kwanza ya nusu ya wachoraji wa nchi hii. Rangi ya mafuta, brashi za fundi, ngazi ya kuazima, mimi na buibui langu nimelifunga kiunoni, mwenye shule anataka A ya Apple na simba na Mickey Mouse, nikamwambia Mickey ana wenyewe, akaniangalia kama nimemtukana, tukakubaliana sungura. Shilingi 8,000 jengo zima, na rangi natoa humo humo. Nilidhani nimeula.

Sasa huyo simba nilimchora ukuta wa mbele, alafu nikamrudia ukuta wa jikoni. Siku ya tatu wakaja watoto wa miaka minne, wakasimama, mmoja akauliza mbona simba wa huku si yule. Mwengine akasema huyu ni babake. Wa tatu akasema huyu ni paka. Nikacheka nikaendelea kupaka rangi, sikujua kwamba hapo nimeshafundishwa kile nilichokosa miaka mitatu.

Nilikuja kujua miezi minane baadaye, nilipopata kitabu cha kwanza. Hadithi ya kurasa 24, msichana na mbuzi wake, shilingi 35,000 kwa kazi yote. Nikachora kama nilivyozoea, kila ukurasa kama picha ya kriti, nikatuma rafu, ile michoro ya awali, nikasubiri sifa. Mhariri, mama mpole sana, akanijibu mstari mmoja: huyu dadake wa ukurasa wa 9 ametoka wapi, kwenye hadithi hana dada. Nikaangalia. Ukurasa wa 4 ana mistari mitano ya nywele, wa 9 minne, kola ya sare imebadilika, na ukurasa wa 14 amesimama kando ya mlango ni mrefu kama wa darasa la nane. Mbuzi peke yake ndiye aliyebaki mbuzi yule yule, tena kwa sababu nilimnakili.

Nilirudia kurasa 19. Kwa pesa ile ile.

Ndio nikajifunza kutengeneza karatasi ya mhusika kabla ya kugusa ukurasa wowote. Mbele, ubavu, nyuma, na ule upande wa katikati ya mbele na ubavu ambao ndio unaonekana zaidi vitabuni. Hesabu mistari ya nywele uandike namba. Mchore kando ya mlango, kando ya mamake, kando ya mbuzi, ili urefu usicheze. Rangi za nguo ziandike kwa namba zake, usiseme "buluu ile". Mimi hata kichwa nakifinyanga kwa udongo, kidogo kama limau, nakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, na binamu yangu mdogo nampiga picha kwa simu akiruka na kuinama, malipo yake ni aiskrimu. Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa na bingwa, tafuta magazeti ya Taifa Leo ya zamani uangalie katuni ya Juha Kalulu ya marehemu Edward Gicheri Gitau. Mzee alimchora mtu mmoja miongo na miongo, na ukimwona popote, kwa mgongo, kwa kivuli, unajua ni Juha. Chuoni tulionyeshwa wachoraji wa Ulaya tu, hakuna aliyetuletea gazeti la shilingi chache tukalichambua.

Na kurasa zenyewe zina sheria zake. Karatasi ya matbaa ni kubwa, inachapwa alafu inakunjwa, ndio maana vitabu vinaenda 16, 24, 32. Huwezi kumwambia mhariri hadithi imenoga niongezee ukurasa mmoja. Kwahivo kwanza chora kitabu kizima kwenye karatasi moja, visanduku vidogo kama stempu, uone kinavyotembea. Usiweke uso katikati panapokunjwa, mimi nishampoteza mtoto pua kwenye mshono. Picha inayofika ukingoni ipitishe milimita 3 nje, manake kisu cha matbaa hakina subira. Pikseli 300 kwa inchi, si ile saizi ya kupost. Na rangi, ooh, rangi. Nilichora bahari ya Nyali kwenye skrini, ile feruzi inayowaka, kitabu kikaja bahari imekuwa kama maji ya kufulia. Skrini inatoa mwanga, matbaa ina wino nne tu, kuna rangi hazifiki hata ukiomba dua. Sai nikimaliza ukurasa wa kwanza napeleka kuchapwa kwenye vibanda vya wachapaji, nilipokuwa Nairobi ilikuwa River Road, naangalia kwa macho yangu kabla ya kuchora wa pili.

Kosa jengine la wanafunzi ni kujaza ukurasa wote. Kila mahali majani, kila mahali ndege, alafu mhariri anatafuta pa kuweka maneno hapati, anayaweka juu ya shina la mbuyu na hayasomeki. Hili sikufundishwa na lekchara, nilifundishwa na leso, yaani kanga, ya nyanyangu. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, yale maneno yake. Pindo linashika, mji ndio picha, na jina lina mahali pake palipoachwa tangu mwanzo, halikubandikwa baadaye. Nikianza ukurasa najiuliza jina litakaa wapi, ndio nachora. Nilipoisema hiyo kwenye kriti moja watu walicheka, lakini wawili kati yao washaniomba niwaelezee tena.

Haya, sasa lile la pesa, ambalo linanichoma mpaka leo. Mwaka mmoja baada ya kile kitabu nikaingia duka la vitabu nikamwona msichana wangu na mbuzi wake kwenye jalada la daftari. Si kitabu, daftari, limepangwa rafu nzima. Hakuna aliyeniuliza wala kunilipa. Nikawaka moto, nikasema nawapeleka mahakamani, nikampigia rafiki yangu aliyesoma sheria, akaniuliza mlikubaliana nini kwenye maandishi? Nikamwambia hatukuandika kitu, kwahivo picha si ni zangu? Akavuta pumzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31: kazi ukiagizwa, hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mimi nilidhani kutoandika kunanilinda. Kumbe kunamlinda yeye. (Wenzetu wa Tanzania sheria yenu ni nyengine, ya 1999, msiende na hii yangu Kariakoo mkagombana na watu.)

Sasa siku hizi sishiki penseli kabla ya emaili moja fupi kujibiwa "nimekubali". Haihitaji wakili. Inasema hivi: hakimiliki inabaki kwangu, wewe unaruhusiwa kutumia picha kwenye kitabu hiki, kwa lugha hii, daftari na kalenda na ukuta wa basi ni mazungumzo mengine na malipo mengine. Michoro ya asili ya karatasini narudishiwa. Marekebisho ni raundi mbili, ya tatu inalipiwa. Nusu ya pesa mbele, na ukighairi katikati hiyo nusu hairudi. Jina langu liandikwe ndani ya kitabu, tena bila kukosewa. Wengine watakataa hakimiliki ibaki kwako, na pengine utakubali kwa sababu kodi ya nyumba haijui sheria, lakini basi bei ipande, manake unauza kitu kinachoishi maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuuza si dhambi. Kuuza bila kujua unauza, hiyo ndio ilinilaza macho.

Ushuru naupitia haraka tu. Chukua PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi wa Kenya, mapema, wachapishaji wakubwa hawalipi bila hiyo. Wanakata kodi ya asilimia 5 kabla ya kukulipa, kwahivo kwenye ile 35,000 yangu iliingia 33,250 nikadhani wameniibia, nikapiga simu kwa sauti ya juu nikajiaibisha. Dai cheti cha hayo makato, unakihesabia ukifanya ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka. Na tangu 2024 wengi wanataka invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, jisajili kabla hujapata kazi, usisubiri usiku wa dedlaini.

Watu wananiuliza pia kama akili mnemba imetumaliza. Sijui ya kesho. Najua mwezi uliopita bwana mmoja aliniletea kitabu kizima alichotengenezewa na programu, akataka "nirekebishie vidole tu" kwa shilingi 500. Kurasa nane, mtoto ana sura nane. Nikamwambia vidole ndio shida ndogo hapa, nikamtajia bei ya kuanza upya, akaondoka. Baada ya wiki akarudi, tumeandikiana emaili.

Diploma yenyewe? Iko kabatini kwa mamangu, mhariri hata mmoja hajawahi kuiulizia. Gado mwenyewe, yule mchoraji katuni maarufu, alikuwa anasomea usanifu majengo Dar, akaacha akaja kuchora katuni gazeti la Nation mwaka 1992. Sisemi uache chuo, usije ukamwambia babako nimesema mimi. Wale wanane tuliosoma nao ndio wananipa kazi mpaka leo, mmoja akizidiwa ananitumia, nikizidiwa namtumia, na yule mwenye tableti ndiye aliyenipa mhariri wangu wa pili. Kwahivo rudisha tableti ya watu kwa wakati.

Na kama una nasari pwani hii na unataka ukuta, bado nachora, lakini sai nachaji kwa mita mraba na rangi ni juu yako. Simba atakuwa mmoja kuta zote.