Kuibiwa kwa Kiingereza

Msomaji wa Morogoro ameniandikia akiwa na donge. Aliibiwa simu kwenye daladala, akamwandikia bosi wake, Mwingereza, kueleza kwa nini hapatikani: "A boy stole me my phone." Bosi akacheka, kisha akamuuliza kijana huyo alimlipa shilingi ngapi. "Sasa mzee," anauliza msomaji, "mbona 'give me', 'send me' na 'buy me' wanazikubali? Hiyo 'me' imekosa nini ikifuata 'stole'?"

Haijakosa kitu, mwanangu. Imekusingizia tu. Mwingereza akiona "me" imeketi nyuma ya kitenzi bila kihusishi, halafu kitu kinafuata, kwa kawaida huyo "me" anamhesabu kuwa mpokeaji. "Buy me a soda", soda inakuja kwangu. "Cook me an egg", yai linakuja kwangu. "Steal me a phone", basi na simu inakuja kwangu. Bosi wako alikuwa anasoma ungamo la mtu aliyemtuma kibaka, tena amwibie simu yake mwenyewe.

Kwetu kiambishi ni kile kile kwa aliyepata na kwa aliyekosa. "Amenipikia ugali", nimeshiba. "Amenilia ugali wangu", nimelala njaa. "Ameniibia simu", ndiyo hayo yako. Kauli ya kutendea haiulizi faida wala hasara. Inasema tu kwamba jambo limetendeka na fulani limemgusa. Mwingereza hasara huitafutia kihusishi chake: simu imeibwa "from me", mvua imenyesha "on me". Au anabadili kitenzi kabisa. "Rob" humshika mtu, "steal" hushika kitu. Kwa hiyo "he robbed me" ni sahihi, "he stole my phone" ni sahihi, na "he stole me" ni kesi ya utekaji. Ukiandika "my phone was stolen" hakuna atakayekucheka. "I had my phone stolen" nayo wanaisema, ila iogope: inaweza kusomeka kwamba ulipanga mwenyewe iibwe, na wewe kwa bosi huyo tayari una rekodi.

Usidhani wenyewe wamenyooka. "It cost me", "they denied me a visa": hizo ni hasara tupu, na "me" imekaa pale bila kihusishi cha kuisitiri.

Asili ya mambo haya ni ya zamani. Kiingereza cha kale kilikuwa na "hine" kwa mtendwa na "him" kwa mpewa; "hine" ikafa, "him" ikarithi kazi zote mbili, vihusishi vikazidi kuitwa kusaidia. Baada ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066 yakaingia maneno ya Kifaransa, na ya Kilatini yakaja kwa wingi, na vitenzi vingi vya ukoo huo, kama "explain", havitaki mtu avisogelee bila "to". Ndiyo maana "tell me" inapita na "explain me" inakatwa alama, ingawa kwetu "niambie" na "nieleze" ni ndugu wa tumbo moja. Ya historia yanatosha.

Yanatosha kwa sababu kosa la msomaji huyu, nikisema kweli, halinikeri hata kidogo. Aliyeandika "stole me" aliwaza Kiswahili kizuri akakimimina kwenye chombo kisicho chake. Wanaonikosesha usingizi mimi ni wanaopita njia hiyo kinyume: waliolelewa na Kiswahili, wakajifunza kwamba Kiingereza kina "for" na "to", wakarudi nyumbani kama wametoka Ulaya.

Juzi shemeji alinialika chakula cha mchana katika hoteli moja mpya, zile ambazo menyu ina jalada la ngozi na bei hazina sifuri za mwisho. Akaja mhudumu, kijana mtanashati, adabu zote.

"Shikamooni wazee. Ninaweza kupata nini kwa ajili yenu?"

Niliitikia marahaba, kisha nikakwama. Atapata nini? Mshahara? Mchumba? Na akishakipata, sisi kinatuhusu vipi? Shemeji, ambaye hana muda na mambo yangu, akasema bila kuinua macho: "Huyu mletee maji ya moto, mimi niletee chai ya rangi."

Sikilizeni hapo. Kauli ya kutendea mara mbili katika pumzi moja, na hakuna aliyejiuliza nani anapata nini. Kijana naye alielewa papo hapo, akaenda. Maana yake Kiswahili anacho. Anakificha mfukoni anapokutana na wateja, kama mtu anayevua ndala kabla ya kuingia benki.

Alichotakiwa kusema ni "Niwaletee nini?" Maneno mawili, silabi 7. Yeye alitumia maneno sita na silabi 15, na bado hakutuletea kitu. Tazameni hilo neno lilivyosukwa: "ni" ndiye yeye, "wa" ndio sisi, "let" ndiyo kazi, "e" ya kwanza inasema kazi hiyo ni ya kutufaa sisi, na "e" ya mwisho inaomba ruhusa. Mhudumu, wateja, huduma na heshima vyote vimo ndani ya kitenzi kimoja. Hiyo "e" ya kwanza ndiyo "for" yenyewe! Tumezaliwa nayo, imeshonewa tumboni mwa kitenzi, halafu mtu anaiondoa akaning'inize "kwa ajili yenu" nje kama kopo nyuma ya gari la maharusi.

Hakuna aliyesalimika. Simu yangu kila wiki hunipasha kwamba "namba ya siri imetumwa kwako", wakati "tumekutumia" ingekuwa fupi na ingenijulisha walau kwamba upande wa pili kuna watu. Mjukuu anasimama mlangoni: "Babu, fungua kwa ajili yangu." Sifungui mpaka aseme "nifungulie". Na mimbarini nimemsikia mhubiri akihimiza "ombeni kwa ajili yangu", naye ana "niombeeni" bure. Wakatoliki wameitunza vizuri: katika litania ya watakatifu, kila jina likitajwa, waumini hujibu "utuombee". Sasa ziwekee zile nafsi zote za mbinguni "uombe kwa ajili yetu", uone kama misa ya asubuhi haitakutana na magharibi.

Kuna mahali hata huwezi kubadilisha bila kuleta msiba juu ya msiba. Mama mmoja amefiwa na mumewe. Mpe mpenzi wetu wa vihusishi aieleze kwa mtindo wake: mume amekufa kwa ajili yake. Marehemu aliyeondoka na malaria sasa amekuwa shahidi, na mjane anaulizwa alimfanyia nini.

"Ajili" yenyewe ni Kiarabu, "ajl", maana yake sababu. Ndugu yake ni "ajal", muda uliokadiriwa wa kufa, ambao kwetu umezaa "ajali". Kwa hati za Kiarabu bila irabu, herufi ni zile zile. Ninapowasikia wahudumu wa hotelini huwa sina uhakika wanatamka lipi.

Sitaki nionekane dikteta. Mtu akijitolea kwa ajili ya nchi yake, au tukichanga kwa ajili ya arusi, hapo kuna sababu au lengo, na neno limekaa kwenye kiti chake. Na nakiri kitenzi chetu kina umaskini wake: kina nafasi moja tu ya kiambishi cha mtendwa, na mtu akishaikalia, kitu hakiingii. Mwingereza anaweza kusema "give me it". Mimi nasema "nipe", na hicho kitu ukijue mwenyewe au nikutajie pembeni. Wahaya na Wanyarwanda hupanga viambishi viwili, vitatu ndani ya kitenzi kimoja bila kutoa jasho, na mimi huwaonea wivu. Hata kadi ya zawadi yenye "kwa ajili yako" siku hizi naipokea na kushukuru, maana miaka imekwenda na zawadi zenyewe ni chache.

Lakini kitenzi chenye uwezo wa kumbeba mtu mgongoni, kiacheni kimbebe.

Tulipomaliza kula, kijana alirudi na kile kijitabu cheusi, akakilaza katikati ya meza kwa mikono miwili. "Hii ni bili kwa ajili yenu."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Bili nikamwachia shemeji.