Mashini ya mawimbi ya mshtuko: majibu kwa wanamichezo wa Bukavu

«Docta, kano ya kisigino inaniuma tangu miezi minne, zaidi nikipanda kwenda Kadutu. Kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, anataka kunitia mashini ya mawimbi ya mshtuko. Ni umeme wanapitisha mguuni?» Mkimbiaji, Ibanda

Hapana ndugu, umeme hauingii mwilini. Kwenye mashini nyingi za makine, hewa ya kompresa inasukuma kipande cha chuma ndani ya mpini. Kinagonga kichwa cha mbele, na pigo linapita kwenye ngozi. Nguvu yake hupungua haraka kadiri inavyoingia, hivyo hufaa zaidi kwa kano zilizo karibu na ngozi, kama ya kisigino na ya goti. Aina nyingine hukusanya mawimbi mahali pamoja ndani zaidi. Hiyo imetokana na mashini zilizoanza kuvunja mawe ya figo za watu kule Munich mwaka 1980.

Kwa maumivu ya wiki mbili tungekuambia upunguze mbio kwanza. Kwa miezi minne, mashini inafaa kufikiriwa. Ila kabla ya kulipa, bana kano kwa vidole viwili ujue inauma wapi: sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, au palepale inaposhika mfupa wa kisigino. Mazoezi yako yatategemea jibu hilo.

«Wanafanya mara ngapi, na inauma kiasi gani?» Mchezaji wa voleboli, Nguba

Kwa kawaida mara 3 hadi 5, mara moja kwa wiki. Kila safari mapigo kama 2000. Kwa kasi ya mapigo 10 kwa sekunde, hayafiki dakika nne.

Angalia mkono wa kine. Anatakiwa kutafuta kwa kidole mahali panapouma zaidi, kupatia alama ya kalamu, kisha kupaka jeli ya kutosha, maana hewa ikibaki kati ya ngozi na kichwa cha mashini, sehemu ya nguvu inapotea. Anaanza chini, kama bari 1,5 (bari ni kipimo cha shinikizo la hewa), na kupanda polepole hadi 2 au 3 kadiri unavyovumilia. Wewe ndiye unayemwongoza: uchungu wa 5 au 6 juu ya 10 unatosha. Akianza na nguvu kubwa utakaza mguu na hutarudi wiki inayofuata. Sindano ya ganzi haitakiwi, kwa sababu inaficha mahali penyewe na inapunguza faida ya matibabu. Umeme ukiwa dhaifu, macho yawe kwenye kipimo cha shinikizo: kompresa ikichoka, mapigo yanahesabiwa lakini hayana nguvu.

Siku moja hadi tatu baadaye, wekundu, uvimbe kidogo au vidoa vya damu chini ya ngozi ni kawaida. Usikimbie wala kuruka kwa saa 48. Ukihitaji dawa, chukua paracetamol. Diclofenac na ibuprofen ziache, kwa kuwa zinazuia ule mwitikio wa mwili tunaoutafuta.

«Nimemaliza mara tatu na bado naumwa. Pesa yangu imepotea?» Mama anayekimbia asubuhi, Panzi

Bado, mama. Matokeo hupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Lakini tunakuuliza: mazoezi unafanya? Mashini inaamsha kano, ila kinachoijenga upya ni uzito inaoubeba kila siku. Anayelala kitandani baada ya mapigo anarudi na maumivu yaleyale.

Simama kwenye ngazi kwa vidole vya miguu, inua visigino kwa miguu yote miwili, kisha shusha kisigino polepole kwa mguu unaouma peke yake. Mara 15, mafungu 3 goti likiwa limenyooka na 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Uchungu mdogo unaruhusiwa. Ukizidi kesho yake asubuhi, punguza. Kama unaumwa pale kano inaposhika mfupa, fanya kwenye sakafu tambarare, kisigino kisishuke chini ya vidole, kwa maana hapo mfupa unaikandamiza kano. Milima yetu inafanya hivyohivyo. Kwa hiyo weka kipande cha sentimita 1 chini ya kisigino ndani ya viatu vyote viwili, na ukimbie barabara iliyo sawa zaidi karibu na ziwa.

Na kama ulimeza ciprofloxacine (antibiotiki) hivi karibuni, mwambie kine. Dawa hiyo, ambayo watu wananunua kama pipi, inaweza kudhoofisha kano hadi ikatike. Baada ya sindano ya kortizoni pia, subiri angalau wiki 6.

«Mtoto wangu ana miaka 13, anacheza mpira, anaumwa chini ya goti. Naye atiwe?» Baba, Bagira

Hapana. Mfupa wake bado unakua, na mapigo hayapitishwi kwenye sehemu ya ukuaji. Apunguze kukimbia na kuruka, aweke barafu, aonwe na daktari. Wengine wasiotiwa: mwenye mimba, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye uvimbe wa kansa au maambukizi mahali hapo.

«Nilisikia “pa!” nyuma ya mguu uwanjani, sasa siwezi kusimama kwa vidole.» Beki, Kadutu

Usiende kwa mashini. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu abane nyama iliyo nyuma ya muundi wako. Wayo usiposogea, huenda kano imekatika: nenda hospitali leo.