Kabla hujailaumu mita janja, hesabu makonyezo yake

Mita yangu mpya ilikuwa na wiki tatu ukutani nilipoanza kuiita mwizi. Uniti 28 za shilingi elfu kumi, ambazo kwa mita ya zamani zilinivusha wiki nzima, sasa zilikuwa haziamki siku ya nne. Nyumba yetu ni ya kawaida: friji moja, televisheni, feni tatu, taa, na vyumba viwili vya wapangaji uani. Hatuna kiyoyozi. Hatupikii umeme. Nikanunua, zikaisha. Nikanunua tena, zikaisha, na mara ya tatu kilio cha mita kilinikuta saa nane za usiku nikitafuta simu gizani ninunue nyingine.

Mtaani tayari kulikuwa na maneno. Jirani wa mbele alisema hizi mita janja zinakimbia, shemeji yangu akasema zimetegwa zikamue watu, na mama mmoja wa genge akaapa kwamba tangu aliponunua simu kubwa mita yake "inamsoma". Nami nikaingia kwenye kwaya. Nikawakoromea wapangaji kuhusu pasi, nikamfuatafuata binti wa chumba cha pili hadi akanionyesha kwamba hata jagi la umeme hana. Ile aibu bado ninayo.

Aliyenitoa huko ni fundi mmoja mzee aliyekuja kurekebisha kitu kingine kabisa. Alinisikiliza nikilalama, kisha akauliza: "Umeihesabu?" Nikamwambia nahesabu kila siku, pesa zangu ndizo zinaisha. Akacheka, akanivuta hadi kwenye mita.

Kila mita ya kisasa, iwe ya LUKU ya kawaida, yaani ile ya Tanzania ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, au mita janja inayotuma taarifa zake yenyewe, ina kitaa kidogo chekundu kinachokonyeza. Usoni mwake pameandikwa namba inayofuatiwa na "imp/kWh", mara nyingi 1000 au 1600. Maana yake ni kwamba kitaa kikikonyeza mara hizo, uniti moja imeliwa. Basi. Huna haja ya kumwamini mtu yeyote, hata mimi. Kama yako imeandikwa 1000, chukua wati za kifaa ugawe kwa 60 upate makonyezo ya dakika moja. Jagi la wati 2,000 likiwa peke yake linafanya kazi, utaona makonyezo kama 33 kwa dakika. Mita ya 1600 itakonyeza mara 53 hivi. Kama mtaani kwenu umeme ni hafifu, zile taa zinazofifia jioni kila mtu akiwasha, utapata pungufu kidogo, wala hilo si kosa la mita. Lakini ukipata 60 kwenye mita ya 1000 huku kila kitu kingine kimezimwa na kuchomolewa, hapo una kesi.

Nilihesabu mara tatu, saa mkononi, jagi la kuazima. Nikapata 32, 33, 32. Mita ilikuwa mkweli kuliko mimi.

Ndipo fundi akaniambia tuzime kila kitu, tuchomoe hadi king'amuzi na chaja za simu, wapangaji nao wazime vyao, lakini swichi kuu ibaki imewashwa. Nyumba ikawa kimya kama ya msiba. Kitaa kikakonyeza. Tukasubiri. Kikakonyeza tena. Sekunde 18 baina ya moja na jingine. Alipoizima swichi kuu, kikatulia kabisa, dakika kumi nzima hakikujitikisa. Hapo mita ikawa imeshajitetea: umeme ulikuwa unaliwa ndani ya nyumba yangu, baada ya swichi kuu, na hakuna kilichokuwa kimewashwa.

Piga hesabu uone uzito wake. Kila sekunde 18 ni makonyezo 200 kwa saa, yaani, kwa mita ya 1000 kama yangu, wati 200 usiku na mchana. Ni uniti 4.8 kwa siku. Kwa bei ya kundi letu, ambayo ikijumuishwa tozo na kodi ni kama shilingi 356 kwa uniti, nilikuwa namwaga zaidi ya shilingi 1,700 kila siku, elfu hamsini na moja na ushee kwa mwezi. Zilikuwa zinakwenda wapi? Ardhini, kweli kweli. Tulizima breka moja moja, na tulipofika ile ya uani kitaa kikanyamaza. Waya wa kwenda kwenye pampu ya kisima ulikuwa umefukiwa bila bomba, gamba lake limechanika, na mvua za masika zilipolowesha udongo umeme ukapata njia ya kuvuja.

Mita mpya na masika vilifika nyumbani kwangu mwezi mmoja. Mimi niliiona mita, mvua sikuiona.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu pesa ilikuwa hasara ndogo. Watoto hucheza pale peku. Nyumba nyingi za zamani hazina kile kikata umeme kinachoshtuka umeme unapovujia ardhini, na yangu ilikuwa mojawapo. Ukigundua uvujaji wa namna hii, zima breka ya njia hiyo na usiiwashe tena hadi fundi mwenye leseni aikague. Leseni hizo za mafundi hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Mwombe akuonyeshe, asikuone mkorofi. Waya wangu ulifukiwa na mtu aliyekuwa na koleo na kujiamini, basi.

Sasa yale malalamiko mengine ninayoyasikia, maana tangu nisimulie kisa hiki watu wananiletea risiti zao kama kwa mganga.

Wengi wanaodhani mita imeharibika kumbe wamehamishwa kundi la bei. Anayetumia kidogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, alikuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na wa kawaida 292, kwa bei zilizopangwa 2016. Kwa bei hizo, shilingi elfu tano zilimpa wa kwanza uniti kama 41, wa pili 14. Ukiamka siku moja umepewa 14, mita haijafanya lolote. Haijui hata bei. Kilichobadilika kiko kwenye mauzo, na swali la kuuliza ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, ni "niko kundi gani na kwa nini?" wala si "mita yenu inakimbia". Nyumba za kupangisha ndizo zinaumia hapa: familia nne kwenye mita moja, kila moja inatumia kidogo, zikijumlishwa zinavuka 75 na wote wanalipa bei ya juu. Kama una uwezo, ombea kila familia mita yake.

Kisha ile shilingi 1,500 inayokatwa mara moja kwa mwezi unaponunua. Hiyo ni kodi ya jengo, inayokusanywa kupitia LUKU tangu 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 na ikapanda 2023. Ghorofa hukatwa zaidi. Ni deni la mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme kwa mita hiyo ana haki ya kuidai kwenye kodi ya chumba, na mimi wangu nawarudishia bila kuombwa, baada ya ile vita ya pasi ilibidi nianze kutenda mema mahali fulani.

Wako pia waliobaki na hofu tangu zile tarakimu za 2024, tulipotakiwa kuingiza makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kuingiza umeme wenyewe. Watu wengi waliamini ndipo mita "zilipoharakishwa". Sababu yake ni ya kuchosha tu: mfumo wa tokeni, zile tarakimu unazopewa ukinunua umeme, unaotumika duniani unahesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na kihesabio chake kilikuwa kinajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwekwa upya ingekataa tokeni mpya. Zile tarakimu hazikugusa kasi. Kama huamini, jagi lako liko jikoni.

Kuhusu mawimbi, mita janja hutuma taarifa kwa mtandao wa simu au kupitia nyaya za umeme zenyewe, kwa vipindi vifupi. Simu unayolala nayo chini ya mto iko karibu nawe kuliko mita iliyo nje ya ukuta. Sitaki kulisemea zaidi.

Faragha ndiyo hofu ninayoiheshimu. Mita inayotuma matumizi mara kwa mara inaweza kuonyesha saa mnayoamka, siku mlizosafiri, nyumba ilipobaki tupu. Hilo si uzushi wa genge. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, na mteja ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje na nani anaziona. Sijaona mtu akiuliza. Tunauliza kwa nini kitaa ni chekundu.

Ukihesabu makonyezo na bado mita inakudai kuliko kifaa chako, usiifungue. Mita hizi hutambua kifuniko kinapofunguliwa, hujizima na kuweka kumbukumbu, na utajikuta unajieleza wewe badala ya kuelezwa. Andika barua kwa TANESCO ya kuomba mita ikaguliwe, ambatanisha hesabu zako: tarehe, saa, wati za kifaa, makonyezo kwa dakika. Chukua nakala iliyogongwa muhuri. Usiporidhika na majibu, mlango unaofuata ni EWURA, wanaopokea malalamiko ya wateja. Barua yenye namba hizo haitupwi kirahisi kama ile inayosema "naibiwa".

Mimi siku hizi nina daftari la kurasa mia limetundikwa kwa kamba karibu na mita. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, naandika uniti zilizobaki. Wiki ya kwanza baada ya kung'oa waya wa pampu, elfu kumi ilirudi kwenye siku zake saba. Binti wa chumba cha pili ndiye anayeandika nikiwa safarini, na juzi alinipigia kunijulisha kwamba Jumapili hiyo zimeliwa nyingi kidogo, na kwamba safari hii jagi analo.