Kulinganisha rangi za picha mbili kwa GIMP (programu ya kuhariri picha)
Tuseme una picha mbili za harusi moja unazotaka zifanane rangi, ile ya ukumbini imekuwa ya njano kwa sababu ya taa na ile ya nje imeelemea bluu: tafuta kitu kinachoonekana katika zote mbili, kama kanzu nyeupe ya bwana harusi, ukipime kwa zana ya kuchukulia rangi na uandike thamani za nyekundu, kijani na bluu (kila moja huanzia 0 hadi 255). Kanzu ya nje ikisoma 225, 226, 230 na ya ukumbini 228, 210, 165, kwenye picha ya ukumbini fungua Curves (mstari wa kurekebisha rangi) kwenye menyu ya Colors, chagua bluu peke yake, kisha inua mstari pale penye 165 hadi ufikie 230; kijani nacho kipandishe vivyo hivyo, kutoka 210 hadi 226. Tafadhali usipime sehemu iliyoungua kwa mwanga, kwani penye 255 tupu rangi halisi imekwisha kupotea.