Kwa nini wanyama walimuamini Squealer

Ami ulouliza vipi wanyama wa Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell, waliamini uongo na macho wanayo, mie naona khofu ndo ilofanya kazi zaidi. Maziwa na matufaha wanakula nguruwe peke yao, wenzao wakinung'unika Squealer, nguruwe msemaji wa mkubwa wao Napoleon, anawauliza tu kwani mnataka Jones, yule mwenye shamba walomfukuza, arudi, basi kimya. Halafu amri za ukutani zinageuzwa kidogo kidogo, ile ya kutouana inachomekwa "bila sababu", na wengi kusoma hawajui ndo mana wanajitilia shaka wenyewe. Kinu cha upepo kikiangushwa na dhoruba analaumiwa Snowball, nguruwe alofukuzwa na Napoleon. Mie Boxer ndo hunitia uchungu hasa, farasi alombana mbwa wa Napoleon kwa kwato moja, halafu akamuachia kwa kuamriwa tu!